Mashine Inayokohoa

Fundi wa redio aliiwasha ile mashine ya kunyolea, akaizima, kisha akaisukuma kwa kidole kimoja kama mtu anayesogeza sahani ya chakula kilichochacha.

"Dada, hii itupe."

"Sijakuuliza niitupe au niipike," akajibu Wembe. "Nimekuuliza kama inatengenezeka."

Ilikuwa saa ya watu kutoka kazini. Kwenye mtaa ule wa vifaa vya umeme kila duka lilikuwa na spika mlangoni, na kila spika ilikuwa inamzomea jirani yake. Wembe alivaa gauni la jinzi lenye mifuko mipana na kitambaa cha njano kichwani. Vinyweleo vya wateja bado vilikuwa vimemganda mikononi. Walimwita Wembe kwa sababu mbili: alikuwa kinyozi, na ulimi wake haukuwa na ala.

"Iwashe tena," ikasema sauti nyuma yake.

Aligeuka. Kijana mrefu, hedifoni shingoni, shati la kijivu lililopigwa pasi upande mmoja tu. Alikuwa amefumba macho.

"Wewe ni fundi?"

"Mimi ni mtu wa studio. Iwashe kidogo, tafadhali."

Fundi akaiwasha. Mashine ikaunguruma, ikakwama, ikakohoa kama mzee aliyepaliwa na maji, ikaendelea.

"Inakohoa," kijana akasema, uso umemchanua. "Usiitupe, dada. Mashine zote mjini zina mlio mmoja. Hii ina sauti yake."

"Ina mafua. Hiyo ndiyo sauti yake."

"Basi ipe dawa, usiizike."

Neno la kuzika lilimchoma Wembe, lakini kijana hakuwa na namna ya kujua. Mashine ile ilikuwa ya kaka yake, aliyemwachia kibanda cha kinyozi, ambaye alikuwa ardhini tangu mwaka uliopita. Katika mtaa mzima wa mafundi, huyu wa shati la nusu pasi ndiye pekee aliyemwambia aitunze.

Aliifuta kwa pindo la gauni, akaitia mfukoni. "Na wewe pasi upige upande wa pili," akamwambia, "huenda hilo shati nalo lina sauti."

Kijana alicheka mpaka hedifoni zikamponyoka. Wiki hiyohiyo alikuja kunyolewa. Wiki iliyofuata alikuja tena, ingawa kichwani hakukuwa kumeota kitu.

Kwao studio walimwita Sikio. Ndiye aliyekuwa akichanganya sauti za wasanii, na alikuwa na ugonjwa wa kunasa milio: mlango unaolia, matone ya bomba, viatu vya shangazi wa watu ngazini. Simu zake kwa Wembe hazikuwa na adabu. Alipiga saa ya wateja, makusudi.

"Uko wapi, bibie?"

"Niko kichwani mwa mtu."

"Na mimi je?"

"Wewe uko kichwani mwangu, na umehamia na magodoro yako bila kunishauri."

"Nipe basi na funguo."

"Kata simu, nitamkata mteja sikio halafu nibaki nawe."

Wateja walicheka, naye akajifanya kununa. Lakini jioni mama yake, aliyeshona nguo barazani huku redio ikimwimbia, alimwona akipiga pasi gauni la zambarau na kulipiga tena, akasema tu, "Hilo gauni litaungua, mwanangu. Mlete nimwone."

Jumapili moja mchana, kibanda kimefungwa, Sikio aliomba kuinasa ile mashine. Aliweka kinasa sauti chake rafuni, kati ya kopo la poda na chupa ya spiriti, akaketi kitini. Wembe akaanza kumnyoa. Mashine ikaunguruma, ikakohoa. Na sijui ni ule mlio, ni ule utulivu wa mlango uliofungwa, au ni shingo ya mtu anayekuamini iliyolala mkononi mwako. Wembe akajikuta anasema.

"Mama anaamini kaka aliondoka usingizini. Mimi ndiye niliyemwambia hivyo. Si kweli. Waliniita nimnyoe kichwa kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji, maana alikataa kuguswa na mtu mwingine. Aliogopa. Alilia kama mtoto. Aliushika huu mkono wenye mashine hii, akaniambia, usimwambie mama."

Sikio aliuchukua ule mkono, akaubusu juu ya vinyweleo vyake mwenyewe. Rafuni, kitaa chekundu cha kinasa sauti kilikuwa kinawaka. Wembe alikiona, akakisahau.

Kisha ikatoka albamu ya Radi.

Radi alikuwa mwanahipihopu wa mji mzima, na kazi yake ilikuwa kupiga kelele. Ngoma zake zilitikisa vioo vya magari. Sasa, baada ya miaka ya kimya, akaja na albamu aliyoiita Chini Chini, haina ngoma hata moja, yeye mwenyewe akinong'ona kama mtu anayeongea na mto wa kulalia. Mji ukapasuka. Marafiki walinuniana. Na mahakama kuu ya kesi hiyo, kama kawaida, ilikuwa kinyozi.

"Radi amekwisha!" alisema dereva wa lori, povu la sabuni kidevuni. "Mimi nimenunua hasira, nimeletewa bembelezo. Nimelala usingizi kwenye wimbo wa pili, tena nikiwa barabarani!"

"Amekua," akasema mwalimu, aliyekuwa akisubiri zamu yake na gazeti magotini. "Wewe ndiye umebaki kulekule. Unataka mtu mzima abweke mpaka azeeke?"

"Mwalimu, hiyo si albamu, hiyo ni msiba. Dada Wembe, wewe unasemaje?"

"Nasema ukiendelea kutikisa kichwa utatoka hapa na sharubu moja."

Hakuwa ameisikiliza. Kibanda kilikuwa kimejaa tangu juma lililotangulia.

"Mwekee wimbo wa mwisho," mwalimu akasema. "Ukiisha naye hajanyamaza, basi ana jiwe kifuani."

Dereva akagusa simu yake. Mwanzoni hapakuwa na kitu, kimya kirefu cha chumba kitupu. Kisha mlio. Mlio ukaunguruma, ukakwama, ukakohoa.

Mkono wa Wembe ukasimama hewani.

Juu ya mlio ule ikaja sauti nene, nzito, sauti ya jitu la kiume linaloongea kutoka kisimani: Aliogopa. Alilia kama mtoto.

"Ona sasa!" dereva akapayuka. "Mtu ananyolewa ndani ya wimbo! Sanaa gani hii?"

"Huyo ni askari," mwalimu akasema. "Anamsimulia mwenzake aliyeuawa. Mimi nimeisikiliza mara nyingi."

"Askari gani analia? Huyo ni mwoga tu, na Radi ameishiwa!"

Wembe aliiweka mashine mezani polepole. Ile sauti, jinsi ilivyonenepeshwa, asingeijua kuwa ni yake. Wala mtu yeyote asingeijua. Lakini kile kikohozi alikijua kama mama anavyojua cha mtoto wake chumba cha pili. Akatoka nje, dereva akiwa na ndevu upande mmoja, akapiga simu.

"Laazizi!" Sikio alipokea kwa furaha. "Umeusikia hatimaye? Niambie, umeusikia mpaka mwisho?"

"Umemtoa kaka yangu kaburini ukampa Radi amchezee."

"Nini? Subiri, Wembe, si nilikutu..."

"Watu wanamwita mwoga. Kwenye kiti changu, Sikio. Kwenye kiti chake!"

Akakata. Akaifungia namba yake. Na hasira ikiwa bado inachemka, akapiga redioni, ambako mtangazaji wa kipindi cha mchana alikuwa akipokea mashabiki wa pande mbili wanaotukanana juu ya wimbo huohuo.

"Sauti hiyo si ya askari," Wembe akasema, na mji mzima ukamsikia. "Ni ya kwangu mimi, kinyozi. Imeporwa kibandani kwangu na fundi wa studio, ikanenepeshwa. Anayelia humo ni kaka yangu. Na fundi huyo ni mwizi."

Alipofika nyumbani jioni, cherehani ilikuwa kimya. Mama alikuwa ameketi nayo mbele, kitambaa cha mteja kimenaswa kwenye sindano, mguu hauko kwenye kanyagio.

"Mama, naomba nikueleze."

"Wimbo ule nimeusikia tangu asubuhi," mama akasema bila kuinua macho. "Nimeushonea mikono miwili ya gauni. Nikawaza, maskini, mtoto wa mwanamke mwenzangu. Kumbe wangu. Na aliyenipigia redioni kuniambia kwamba ni wangu, ni wewe."

Wembe akatazama sakafu. Kama angenyamaza, jitu lile la kisimani lingebaki jitu. Yeye ndiye aliyelivua barakoa.

"Aliniomba nisikwambie, mama."

"Akakuomba umwambie mwanamume unayemnyoa ndevu?"

Wembe akapiga magoti kwenye vipande vya vitambaa, akayashika magoti ya mama yake. "Nisamehe, mama. Nimekukosea mimi. Si redio, si Sikio, ni mimi."

Mama hakusema amesamehe wala hakusema hajasamehe. Alikaa hivyo mpaka mwanga ukaondoka barazani, kisha akauliza, "Alisema nini kingine?" Wembe akamwambia kila kitu, hata ule mzaha wa mwisho kwamba apunguziwe masikio pia. Mama akacheka kidogo, kicheko kikageuka kilio, na Wembe akajua kwamba nyumba ile haitarudi kama ilivyokuwa.

Sikio alikuja kibandani baada ya siku kadhaa, mchana, kwa miguu. Ndevu zimemshambulia uso. Shati limepigwa pasi pande zote mbili. Hiyo ilimuuma Wembe kuliko ndevu.

Dereva na mwalimu walikuwa ndani, bado wanabishana. Redio ya kibandani ilikuwa inaimba.

"Nina neno moja," Sikio akasema, akamnyooshea simu. "Soma mwenyewe."

Ulikuwa ujumbe wake wa kabla albamu haijatoka. Wimbo, na chini yake: Mpenzi, usikilize mpaka mwisho. Ukikataa, nauondoa. Na chini ya hapo jibu la Wembe: safu ya vijimoto, vile vijipicha vya kusifia, na maneno, Kaliii! Unaua, mpenzi wangu!

Wembe alikumbuka. Kibanda kilijaa, kichwa cha mtu kilikuwa chini ya mkono wake, simu ikalia, ikacheza ule mwanzo wa kimya. Alidhani wimbo haujafunguka. Akabonyeza vijimoto kwa kidole gumba, kama alivyombonyezea kila wimbo, kama watu wote wanavyobonyezeana, akaendelea kunyoa.

"Sikuusikiliza," akasema. Sauti ilitoka ndogo.

"Nimeshajua. Nimejua ulipopiga redioni." Sikio akaichukua simu yake. "Studio wamenisimamisha. Wanataka ukanushe hewani na uombe radhi, wewe kwa Radi na kwa mashabiki. Usipofanya hivyo, kazi sina. Mtangazaji atapiga simu yangu mchana huu."

"Ngoja kwanza, nikuulize," Wembe akasema. "Siku zote ulikuwa unakuja hapa. Ulikaa kiti hiki. Mbona jambo hili tu ndilo ulilolituma kwa simu?"

Sikio alitazama rafu, pale kati ya poda na spiriti.

"Kwa sababu ningekutazama usoni, ungekataa."

Hata dereva aliinamisha kichwa.

"Ndiyo hiyo," Wembe akasema taratibu. "Ulijua."

"Nilijua. Lakini haki ya Mungu, ndiyo sauti nzuri kuliko zote nilizowahi kunasa. Sikutaka ipotee. Wala wewe sitaki kukupoteza."

Wembe akakung'uta kile kitambaa cha kufunikia wateja, nywele zikaruka juani.

"Keti."

"Unaninyoa?"

"Unatisha watoto barabarani. Keti."

Akaketi. Wembe akamfunga kitambaa shingoni, akakikaza zaidi ya kawaida, akawasha mashine. Ikakohoa. Sikio akafumba macho, na chozi likateremka mpaka kwenye ndevu; Wembe akalifuta kwa mgongo wa mkono kabla wateja hawajaliona.

"Mama anasema ile sauti nene si ya mtu aliyempenda mwanawe," akamwambia sikioni. "Kama lazima mji usikie, usikie sauti ya dada yake. Utairudisha ilivyokuwa."

"Wakinirudisha kazini."

"Wasipokurudisha pia."

Simu ikalia. Sikio akaitazama, akamtazama Wembe kwenye kioo. Kazi yake yote ilikuwa inatetemeka kwenye kile kiganja. Angeweza kumsihi. Badala yake akaipokea, akaiinua mpaka kwenye mdomo wa Wembe, akasema, "Sema unachotaka."

"Tuko hewani na dada kinyozi," mtangazaji akasema, sauti yake ikijaa kibandani, simuni na redioni kwa pamoja. "Dada, mashabiki wa Radi wana hasira. Inasemekana ulitumiwa wimbo huo ukaukubali. Je, uko tayari kuomba radhi?"

Wembe hakuizima mashine.

"Fundi wa studio si mwizi," akasema. "Neno hilo nalirudisha. Alinitumia wimbo, nikauitikia bila kuusikiliza. Kosa hilo ni langu, na yeye lake analijua, tumeshaambiana hapa kitini. Mtu wa kuombwa radhi alikuwa mama yangu, nami nimempigia magoti. Radi akiutaka wimbo ule, aje mlangoni kwa mama, amwombe kwa mdomo wake, asitume simu."

"Lakini radhi kwa mashabiki, dada? Kwa Radi mwenyewe?"

Wembe akaiinamisha shingo ya Sikio kwa kidole, akapitisha mashine nyuma ya sikio lake, taratibu.

"Siombi."