Mazoezi ya Abbasi Kabla ya Nikahi

Ukifika sokoni Kibondo asubuhi, duka la vitenge la Abbasi huna haja ya kuliulizia. Utalisikia. Asmahani, mke wake, anabishana na wateja kwa furaha. Anakunjua kitenge, anakiweka begani mwa mteja, kisha anarudi nyuma kumtazama.

"Haya kivue basi, kama kweli hukipendi," anasema. Mara nyingi hakivuliwi.

Zamani waliuza pamoja. Abbasi alipima na kukata, Asmahani aliongea. Kisha ukaja wakati mke akawa peke yake mbele. Abbasi alikaa nyuma ya pazia, juu ya marobota. Wateja wakimuulizia, waliambiwa ametoka kidogo.

Hakuwa ametoka. Alikuwa anaogopa watu.

Najua yupo msomaji atakayecheka hapo. Mwanaume mzima, mfanyabiashara, anaogopaje watu? Acheke upesi amalize, tuendelee.

Mambo yalianza kaka yake alipofariki. Kaka huyo alikuwa na duka Kasulu. Abbasi akalibeba na hilo. Leo yuko Kibondo, kesho Kasulu, keshokutwa Manyovu kufuata mzigo. Mjane wa kaka na watoto wake walimtazama yeye. Majirani wenye shida walimletea yeye. Na Abbasi ni mtu asiyejua kusema, "Hili siwezi." Usingizi ukapungua. Chakula kikakosa ladha. Akawa mkali kwa jambo dogo, halafu anajuta.

Siku moja alikuwa makaburini, katikati ya watu. Moyo ukaanza kumwenda mbio. Pumzi ikambana. Mikono ikafa ganzi. Alijua anakufa. Watu walimkimbiza hospitali, akapimwa moyo, akapimwa damu.

"Moyo wako ni mzima, mzee," daktari alimwambia. "Wewe ndiye uliyechoka."

Tangu hapo Abbasi aliogopa hali ile isimrudie mbele za watu. Akaacha kwenda kwenye maziko. Akaacha msikiti, akawa anaswali nyumbani. Mwisho akaiacha hata kaunta ya duka lake mwenyewe.

Kisha binti yake, Asia, akachumbiwa na Saady, fundi umeme wa Kasulu. Nikahi ilipangwa kufungwa msikitini Kibondo, baada ya Idi. Katika nikahi baba ndiye walii. Anakaa mbele ya waumini wote, anamshika mkono bwana harusi, na anamwoza binti yake. Abbasi alipofikiria mikeka ile iliyojaa watu, jasho lilimtoka.

"Ataniwakilisha mdogo wangu wa Ujiji," alisema.

"Anioze baba mdogo, na wewe upo hai?" Asia aliuliza. Hakulia. Aliinuka akaenda kuosha vyombo. Hilo lilimuuma baba yake kuliko kilio.

Asmahani alisikia habari za kliniki moja Kasulu, ambako yupo mshauri nasaha anayeitwa Evaristi. Hakumuuliza mume wake kama angependa kwenda. Alimwandalia kanzu safi na kumwambia gari linaondoka.

Evaristi ni Muha, mtu mpole, mwenye kusikiliza mpaka mwisho. Abbasi alipomaliza kueleza, Evaristi alisema, "Mzee wangu, huna wazimu, na wala hukurogwa. Kila mwili una mlinzi wake. Hatari ikija, mlinzi anapiga kelele, moyo unakwenda mbio ili uweze kukimbia. Wako amefanya kazi muda mrefu bila kupumzika. Sasa anapiga kelele hata mbuzi akipita."

"Basi nipe dawa anyamaze, daktari."

"Mimi si daktari, ni mshauri. Daktari yupo, naye atakuona. Wapo wanaohitaji dawa. Lakini hofu ya namna yako hupungua sana kwa mazoezi. Sasa, Kasulu na Kibondo si jirani. Tutaonana hapa kila baada ya wiki mbili. Katikati ya hapo utafanya kazi za nyumbani, kwenye simu."

"Kazi za nyumbani? Kwani mimi mtoto wa shule?"

"Ukijifunza ushonaji, fundi anakuonyesha. Lakini mkono wako hauzoei mpaka ushone mwenyewe," alisema Evaristi.

Aliweka programu kwenye simu ya Abbasi na kumwonyesha. Kila asubuhi simu ingemuuliza, "Umeamkaje leo?" Angebonyeza sura inayocheka au sura yenye huzuni. Kisha angesikiliza sauti ya Evaristi ikimwongoza kupumua: vuta polepole kwa pua, toa polepole zaidi kwa mdomo. Baada ya hapo kuna hatua ndogo ya siku. Hatua ya kwanza ilikuwa kusimama kwenye kaunta mpaka hofu ipungue, bila kukimbia. Mwisho angerekodi sauti yake kueleza ilivyokuwa.

"Haya nitakayosema yatasikiwa na nani?" Abbasi aliuliza.

"Na mimi peke yangu. Tutaiwekea simu namba ya siri."

"Saady hawezi kuyasikia?"

"Hawezi. Ila jambo moja, mzee. Hii simu haiwezi kuja kukuokoa. Ukizidiwa, au ukifikiria kujidhuru, usirekodi ukasubiri jibu. Mwambie Mama Asia, mwende kituo cha afya cha karibu wakati huohuo."

Abbasi alirudi Kibondo na kuanza. Simu ilimuuliza ameamkaje. Alibonyeza sura inayocheka. Akarekodi, "Alhamdulillah, salama." Alisimama kaunta kidogo tu, akaona watu wanakuja, akarudi nyuma ya pazia. Akarekodi tena, "Nimesimama. Salama kabisa."

Ikawa hivyo kila siku. Kule Kasulu, Evaristi alisikiliza na kufurahi. Alidhani mgonjwa wake anapanda ngazi mbiombio. Basi akampa hatua kubwa: Ijumaa aende msikitini, akae katikati ya safu.

Abbasi alikwenda. Hotuba ilikuwa bado haijaisha alipotoka mbio, akipita juu ya magoti ya watu. Alifika dukani pekupeku.

Asmahani aliitazama miguu yake. "Baba Asia, viatu viko wapi?"

"Vimebaki."

"Na ile salama uliyokuwa unampelekea mshauri kila siku?"

Abbasi alikaa juu ya robota. "Mtu akikuuliza umeamkaje, unamjibu nini?" alisema. "Umwambie umeamka vibaya? Adabu gani hiyo?"

Asmahani alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaona mume wake hacheki, naye akanyamaza. Safari iliyofuata ya Kasulu walikwenda wote wawili, na yeye ndiye aliyemweleza Evaristi.

Evaristi hakugomba.

"Kosa hili ni letu sote, mzee," alisema. "Kwetu mtu akikuuliza 'amahoro?' unajibu 'amahoro', hata kama una mgonjwa ndani. Hayo nimekua nayo. Halafu mimi nikaweka salamu ndani ya simu, nikadhani nimeuliza swali."

"Lakini mimi ni Muislamu," Abbasi alisema. "Mungu kanipa uhai. Kila asubuhi nianze kulalamika?"

Asmahani ndiye aliyejibu. "Ukiwa na malaria, unamwambia daktari alhamdulillah, halafu unarudi nyumbani na homa yako? Unashukuru, kisha unaonyesha panapouma. Mungu hajakasirika."

Ningekuwa pale ningempigia makofi mama huyu. Alisema kwa maneno machache jambo ambalo watu wengi hawajaambiwa na mtu.

Evaristi alibadilisha maswali. Sura za kucheka na kununa alizitoa. Badala yake simu ikawa inauliza, "Hofu ya leo ni kiasi gani? Kisado, debe, au gunia? Imekushika wapi mwilini?" Mtu wa sokoni hadanganyi kuhusu kipimo.

"Na hofu ina tabia moja," alimwambia Abbasi. "Inapanda, inafika juu, kisha inashuka yenyewe. Ukikimbia ikiwa juu, unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa. Ukibaki, unaiona ikishuka. Msikiti tuuache kwanza. Turudi kwenye kaunta."

Asubuhi iliyofuata Abbasi alirekodi hivi: "Leo ni gunia. Imenishika kifuani. Amekuja mama wa Kitahana anataka kitenge cha sare ya msiba. Nimetaka kukimbia. Nimepumua vile ulivyosema. Mkono ulikuwa unatetemeka, mkasi umekwenda upande kidogo, nimemwongezea kipande. Lakini nimebaki. Nilipomaliza kukunja, ilikuwa debe."

Nimewahi kuwaona watu wakisifiwa kwa kubeba mizigo mizito. Mimi namsifu huyu aliyesema gunia lilikuwa kifuani, kisha akabaki amesimama na mkasi wake.

Jibu la Evaristi lilikuja jioni. "Leo ndiyo nimekusikia, mzee. Kesho rudia hapohapo. Usiongeze kitu."

Si kila siku ilikwenda vizuri. Siku nyingine Abbasi alirekodi, "Leo sijafanya lolote. Nimelala tu, na nimemfokea Asia." Evaristi alimshukuru kwa siku hiyo kama alivyomshukuru kwa zile nzuri. Walipoonana Kasulu, waliisikiliza tena sauti hiyo pamoja, wakatafuta nini kilitangulia. Ilikuwa siku ya kufunga hesabu za maduka yote mawili.

"Huo ndio mzigo," Evaristi alisema. "Ukiendelea kuubeba wote, mazoezi yatakusaidia leo na kesho utachoka tena. Kazi yako ya wiki hii ni kumwambia mtu mmoja kwamba huwezi."

Abbasi alizunguka siku nzima na maneno hayo mdomoni. Mwisho alikwenda kwa Shamsi, mjane wa kaka yake.

"Shemeji, duka la Kasulu limenishinda," alisema.

"Nilikuwa nangoja useme," Shamsi alijibu. "Nipe funguo. Nimekaa na marehemu dukani miaka yote ile, ulidhani nilikuwa napunga upepo?"

Shamsi sasa analiendesha duka lile, na linakwenda vizuri kuliko lilipokuwa mikononi mwa Abbasi. Abbasi mwenyewe anakiri.

Usingizi ulirudi kidogo kidogo. Kaunta ikawa kisado. Kisha akaanza kwenda msikitini, kwanza karibu na mlango, baadaye ndani zaidi. Siku aliyoshinda bila kuligusa pazia hata mara moja, Asmahani alilishusha akalikata vitambaa vya kufutia meza.

Idi ilipita. Siku ya nikahi wanawake tulijaa nyumbani kwa Abbasi, jirani kabisa na msikiti. Asia alikaa katikati, amefunikwa mtandio. Sauti za msikitini zilikuja kwa kipaza sauti. Hotuba iliisha. Shehe akamwita walii.

"Saady," sauti ya Abbasi ilisikika. "Nakuoza binti yangu..."

Ikakatika.

Tulitazamana. Kipaza sauti kilikuwa kinavuma tu. Baadaye tuliambiwa kwamba mdogo wake wa Ujiji alikuwa ameshasogea karibu ili aendelee, na Abbasi akamzuia kwa mkono. Nyumbani hatukujua hilo. Asmahani alifumba macho. Alivuta pumzi polepole, akaitoa polepole zaidi, akavuta tena, mkono wake umemshika Asia.

"Nakuoza binti yangu Asia," sauti ilirudi, tulivu, "kwa mahari mliyokubaliana."

"Nimekubali kumuoa," Saady alijibu.

Vigelegele vilipasuka mpaka bati likatikisika. Mama mmoja alianza kupiga ngoma, wengine wakasimama kucheza. Asia alifunua mtandio. Machozi yalikuwa yameharibu poda yote, naye hakujali. Aliinua mkono wake wenye hina, akatega sikio upande wa msikitini.

"Nyamazeni kidogo," alisema. "Baba bado anaongea."