Mshona Viatu Aliyetolewa Kundini

Nyumba hii, jamani, ilikuwa na raha yake. Jioni mume, seremala, alipiga randa barazani, na mkewe, mshonaji katika kiwanda cha viatu vya shule, aliinamia simu huku akitabasamu. Tabasamu hilo ndilo lililozua balaa.

Kiwandani soli zilikuwa zikibanduka, na meneja alishasema: dawa isipopatikana, chumba cha kushona kinafungwa. Mama huyu alikuwa na wazo lake, kuishona soli kwa ndani kabla ya kuipaka gundi. Alijaribu, kiatu kikaharibika. Akajaribu tena, kikaharibika. Lakini mtandaoni alikuwa na kundi la mafundi viatu, watu asiowahi kuonana nao. Kila alipotuma picha ya kiatu kilichoharibika, waliuliza, "Dada, uzi umekatikia wapi?" Hakuna aliyemcheka, naye kesho yake alikwenda kazini kifua mbele.

Mumewe aliona wivu, tena wivu wa kipumbavu, maana simu haikufichwa na kusoma alijua. Siku moja aliichukua akatuma ujumbe wa sauti kundini: "Huyu ana mume na watoto. Tafuteni mwingine wa kupiga naye soga." Kisha akamtoa mkewe kwenye kundi.

"Baba watoto, umenivua nguo mbele ya watu," mke alisema.

"Profesa wa viatu," mume akacheka. "Wasomi wa kiwandani wameshindwa, wewe ndiye utaweza?"

Aibu ilimzuia mke kuomba kurudi kundini. Kiatu cha tatu kilipoharibika, hakuwa na wa kumwonyesha, akakitupa. Kwenye kikao meneja aliuliza, "Kuna mwenye wazo?" Mama huyu alitazama vidole vyake mpaka watu wakainuka. Chumba kikafungwa, yeye na wenzake wakakosa kazi.

Mume aliposikia alikaa chini. "Si ulikuwa na wazo lako la kushona kwa ndani? Mbona hukuwaambia?"

"Uliniambia sitaweza," alijibu mkewe. "Nikakuamini."

FUNZO

Ndugu zangu, ubunifu kazini hautoki kwenye akili peke yake. Unahitaji mtu anayejiamini, mwenye matumaini, anayeanguka akainuka. Na nguvu hizo tunapeana, nyumbani na hata mtandaoni. Ukimwona mwenzio ana watu wanaomtia moyo, muulize wanazungumza nini kabla hujanuna. Na wewe uliyevunjwa moyo, rudi kwa wenzako. Aibu ile si yako.