Friji la Mzee Karugendo

Nyumba yetu pale Izigo ilinukia nyasi mbichi kila Jumamosi. Mimi, Georgina, nilizikata bondeni na kuzitandaza sakafuni kabla ya kumenya ndizi. Ilikuwa mwaka 1952. Nilikuwa nimeolewa karibuni, na kwa kutandaza nyasi sikuwa na mpinzani kijijini. Najisifu, lakini ni kweli. Harufu ile naikumbuka mpaka leo.

Baba mkwe wangu, mzee Karugendo, alikuwa na kisukari. Dawa yake ya sindano ilitakiwa kukaa mahali pa baridi. Kahawa ilipouzwa vizuri, mume wangu Privatus alinunua friji la mafuta ya taa. Tuliliweka sebuleni kama mgeni wa heshima. Kwetu mgeni wa heshima hakai kwenye udongo mtupu. Basi nikatandaza nyasi nene chini yake, na kila wiki nikasukumia nyingine mpya.

Kila asubuhi alikuja Ildefons, dresa wa zahanati, kumchoma mzee sindano. Siku moja alishika chupa ya dawa, akaigusisha shavuni.

"Ina joto," alisema. "Ikiendelea hivi itaharibika."

Niliogopa sana. Dawa ile haikupatikana kirahisi, na bila dawa ile mzee asingeishi.

Privatus alikwenda sokoni, akarudi na fundi wa kwanza aliyemwona. Fundi alikula matoke yetu akashiba. Kisha akaligonga friji mara mbili.

"Mota imeungua," alisema. "Nitaleta gari, nilipeleke kwangu."

"Kwako ni wapi?" mzee aliuliza.

"Huko mbele, mzee."

Jioni Ildefons alipopita, tulimweleza.

"Huyo amemtengenezea nani mwingine?" aliuliza.

"Hatujui," Privatus alijibu.

"Basi usimpe. Ukitafuta fundi, usimuulize yeye kama anajua kazi. Waulize watu aliowatengenezea. Uliza kama kitu chao bado kinafanya kazi. Uliza kama fundi anarudi akiitwa. Na mahali pake pa kazi upaone kwa macho yako. Nenda Bukoba, waulize wenye mafriji kama hili."

Kisha akatia chupa ya dawa ndani ya kopo lenye kifuniko. Akalisimamisha kopo ndani ya chungu cha maji, kivulini. "Hii itatusogeza siku chache tu," alisema.

Kesho yake Privatus alipanda basi la Bukoba. Bi Sada, muuza soda, alimtajia fundi Muharami. Mpishi wa misheni alimtaja huyohuyo.

"Friji langu alilitengeneza miaka miwili iliyopita," Bi Sada alisema. "Soda onja mwenyewe."

Privatus alionja mbili, eti ili awe na hakika. Kisha akaenda kuiona karakana ya Muharami.

Muharami alikuja na mfuko wake wa vifaa. Aliuliza friji lilianza lini kusumbua, na moto wake una rangi gani. Alisafisha bomba la moshi mbele yetu, akatuonyesha masizi.

"Fundi mwingine alisema mota imeungua," nilimwambia.

"Friji la mafuta halina mota, dada. Linafanya baridi kwa moto wa taa yake."

Aliomba bakuli la maji, akaliweka juu ya friji. Upande mmoja maji yalikaribia kumwagika.

"Limeinama," alisema. "Friji la namna hii likiinama halipoi. Chini kuna nini?"

"Nyasi," nilijibu. "Nimeziweka mimi."

Niliona aibu, nikataka kulia. Kazi niliyojivunia ilikuwa karibu kumuua mzee wangu.

Mzee Karugendo alicheka mpaka akakohoa. "Waitu, mkamwana," alisema, akiniita kwa upole wa Kihaya, "umeliheshimu mno."

Tulitoa nyasi, tukaweka mawe bapa. Muharami alipima tena kwa bakuli, akawasha moto.

"Kesho litakuwa na baridi," alisema. "Jumamosi nitarudi kuliangalia."

Asubuhi chupa ilikuwa baridi mkononi mwa Ildefons. Jumamosi Muharami alirudi kweli. Yule wa sokoni naye alileta gari lake. Mzee alimwomba amwonyeshe mota iko wapi, na papo hapo fundi yule akakumbuka kuwa ana safari.

Mzee aliishi miaka minane zaidi. Aliwapakata wajukuu watano. Kila Jumamosi nilitandaza nyasi nyumba nzima, isipokuwa pale chini ya friji.

Mzee alipofariki, Muharami alikuja msibani kutoka Bukoba bila kuitwa. Asubuhi ile nilikata nyasi nyingi, nikawatandazia waombolezaji. Nilipofika pale penye friji, mkono wangu ulipazunguka wenyewe. Ndani ya friji hamkuwa na dawa tena ya kutunza. Nilipaacha vilevile patupu, nikakaa chini nikalia.