Kaka, Mbona Ulinyamaza

SAA 3:10 ASUBUHI

Chumba cha nyuma cha karakana ya redio. Meza moja, laptopu kuukuu, watu watatu.

"Mlango wa stoo ya dhahabu una kifaa," Fundi alisema. "Muda wote kinatangaza hewani: nimefungwa, nimefungwa. Ujumbe wenyewe ni sifuri na moja tu: masafa ya chini ni sifuri, ya juu kidogo ni moja. Hakiruki ghafla. Kinateleza taratibu kutoka huku kwenda kule, ndiyo maana hakisumbui chaneli za jirani. Laptopu itakiigiza kwa nguvu zaidi. Mlango ukifunguka, walinzi bado watasikia umefungwa."

"Na mimi naingia," alisema Sindano, mdogo wake, mwembamba wa kupenya dirisha la choo. Alipigapiga redio ya mkononi kiunoni. "Ukiona noma niite, kaka."

Fundi alimkaza mkanda. Mama yao alipofariki hakumwachia kitu kingine, alimwachia huyu tu. Mkuu, mwenye mpango wote, aliwatazama, akacheka.

SAA 5:42

Gari limeegeshwa nyuma ya stoo. Jua kali. Laptopu inachemka, ishara inakatikakatika.

"Nini tena?" Mkuu aliuliza.

"Mashine imezidiwa. Kulainisha ule mtelezo wa masafa kunaila nguvu."

"Acha kulainisha."

"Mawimbi yatamwagikia majirani, Mkuu."

"Kwani tunawaibia majirani? Toa!"

Fundi akatoa. Ishara ikatulia. Sindano akazama dirishani.

SAA 5:51

Mfuko wa kwanza ulishuka kwa kamba. Mkuu akaudaka, akarudi garini. Hapo hapo geti likafunguka. Walinzi wawili wenye bunduki wakaingia, zamu yao haijafika.

"Toka! Toka sasa hivi!" Fundi aliita redioni.

Akajibiwa na mkwaruzo mtupu. Chaneli ya jirani ilikuwa ya redio ya Sindano. Aliipanga yeye mwenyewe, ili antena moja itoshe kwa kazi zote mbili.

"Namziba masikio mimi," alisema. Mkono ukaenda kwenye swichi.

Mdomo wa bastola ukamgusa shingo. "Ukizima, king'ora kinalia," Mkuu alisema. "Mfuko wa pili bado."

"Ni mdogo wangu!"

"Nimesema bado."

Fundi alisita. Sina la kumtetea. Alisita kwa pumzi sita, pengine saba, kwa sababu aliogopa kufa. Kisha akazima.

King'ora kikalia. Mkuu hakupoteza risasi kwake. Alikwapua mfuko, akatimua mbio. Redio ikawa safi kabisa.

"Kaka?" Sindano alikuwa anahema. "Mbona ulinyamaza? Nimekuita weee, kaka, nimekuita..."

Bunduki ikalia mara mbili.

SAA 6:04 MCHANA

Polisi walifungua mlango wa gari wakamkuta amekaa, redio mdomoni, kidole kimeganda kwenye kitufe. Hakuwageukia.

"Nipo, mdogo wangu," alikuwa anasema. "Nakusikia. Nipo hapa."