Pumba Ndani ya Kamera

Kila Jumamosi, baada ya kufua sare yake ya shule, Severa alifungua mkoba wa baba yake na kupangusa vifaa kimoja kimoja: kamera, lenzi mbili na brashi laini. Mwisho alikunja kitambaa cheupe kilichopigwa pasi. Baba yake, Tarsis, alikuwa mpiga picha hapo Kariakoo, na kitambaa kile hakikuguswa kwa kazi nyingine yoyote.

“Ukibadili lenzi nje,” baba alizoea kusema, “upe upepo mgongo, inamisha mdomo wa kamera, kisha funika kwa kitambaa. Na usipulize kwa mdomo kamwe. Ukiona uchafu, niite.”

Jumamosi moja waliitwa kwa Bwana Jitendra, muuza nguo. Alikuwa mgonjwa, amekonda mno. Mkewe, Champaben, alikuwa amelifunga duka. Kesho yake saa sita mchana wangepanda meli kurudi Bombay kwa ndugu zao. Kabla ya kuondoka alitaka picha ya mumewe pamoja na Mzee Mwinyimvua, fundi cherehani aliyeshonea barazani pao miaka ishirini.

“Uso wa bwana uonekane vizuri, Tarsis,” Champaben alisema kwa sauti ya chini. “Sijui nitakuwa naye mpaka lini.”

“Na mimi nitoe kijana,” Mwinyimvua akadakia. “Hii mikunjo iache hapo hapo barazani.”

Bwana Jitendra alicheka mpaka akakohoa.

Tarsis alipiga picha ya baraza zima, kisha akamgeukia binti yake. “Sasa tunataka nyuso. Badili lenzi, Severa. Leo fanya mwenyewe.”

Alikuwa hajawahi kuambiwa hivyo. Kitambaa kilikuwa mkobani, upande wa pili wa baraza, na kaka yake Leodegar, aliyefuatana nao, alikwisha kuanza maneno.

“Haya, fundi mkuu! Au tulale hapa hapa?”

Severa hakukifuata kitambaa. Aliizungusha lenzi, akaitoa. Jirani na hapo wanawake walikuwa wakipepeta mchele, na upepo uliinua vumbi na pumba. Chembe moja ya pumba ikatua ndani ya kamera. Bila kufikiri, Severa akapuliza. Ile pumba ikazama ndani, asiione tena. Akafunga lenzi ya pili, akampa baba kamera.

Tarsis alipiga nyuso mara nne, filamu ikaisha.

Njiani kurudi nyumbani alikuwa na furaha. “Kesho baada ya misa nitazisafisha picha kwenye chumba cha giza. Umefanya vizuri, mwanangu. Kuanzia leo lenzi ni kazi yako.”

Severa alitazama vidole vya miguu yake. Akisema, kazi hiyo atanyang’anywa kabla hajaianza. Akinyamaza, filamu itatoka kwenye maji ya dawa wakati meli imeng’oa nanga. Walipofika mlangoni alisimama.

“Baba, usingoje kesho. Pumba iliingia kwenye kamera. Nikaipuliza, ikazama.”

“Kabla ya nyuso au baada?”

“Kabla.”

Tarsis aliingia chumba cha giza bila hata kuvua viatu. Severa alikaa kizingitini, machozi yakimlengalenga. Jua lilikuwa linazama baba alipotoka na filamu iliyolowa mkononi. Mkwaruzo mwembamba ulipita katika picha zote nne, ukaukata uso wa Bwana Jitendra katikati.

“Asubuhi tutarudi,” alisema. “Champaben utamwambia wewe.”

Walikuta mizigo ikipakiwa kwenye lori.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Kuna nini tena?”

“Picha za uso zimeharibika. Baba hana kosa, ni mimi. Niliacha uchafu ukaingia kwenye kamera. Tunaomba bwana akae tena kidogo.”

“Ungeniambia jioni ya leo, ningekuwa baharini,” Champaben alisema. Kisha akaingia ndani kumtafutia mumewe koti.

Tarsis, ambaye usiku ule aliisafisha kamera yote kwa brashi, alimkabidhi Severa. Severa aliingia katika duka tupu, akatandaza kitambaa ili abadili lenzi. Leodegar aliufunga mlango upepo usipite, akaushikilia kwa mgongo wake.

Miezi mitatu baadaye barua ilikuja kutoka Bombay. Bwana Jitendra alikuwa amefariki. “Picha yake mliyoituma iko ukutani,” Champaben aliandika. “Uso ni safi. Anacheka.”

Tarsis aliikunja barua polepole. “Severa, unajua kwa nini asubuhi ile nilikupa kamera tena?”

“Nilikuwa nimejifunza kutumia kitambaa.”

“Hilo kila mtu hujifunza. Nami nimewahi kuharibu filamu. Nilikupa kwa sababu ulisema mapema, wakati kosa bado linarekebishika, ingawa uliogopa kunyang’anywa kazi. Mtu wa namna hiyo naweza kumwachia kamera yangu, nikaenda zangu bila wasiwasi.”

Severa alikichukua kitambaa cheupe, akaenda kutia makaa kwenye pasi.