Maji Matamu Hukaa Juu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Rotia alishuka kwenye kisima cha bibi yake akiwa na ndoo na bati bapa. Ndoo haikutumbukizwa. Bibi Bwena alimfundisha hivyo tangu utotoni: unalaza bati juu ya maji, unakwangua taratibu, unamimina ndooni, unarudia. Mwaka ule kisiwa chao cha Abemama kilikuwa kimekaa miezi saba bila mvua. Maji ya kunywa waligawiwa kwa zamu kwenye tangi la kanisa. Ya kisimani yalikuwa ya kufulia na ya kumwagilia babai, yale magimbi makubwa yanayopandwa shimoni. Kina kilibaki cha kiganja tu, na ndoo moja ilimchukua nusu saa nzima.

Katikati ya shimo lilisimama babai moja refu kumpita Rotia. Marehemu babu yake alilipanda mwaka aliozaliwa Rotia. Baba yake, aliyekuwa baharia kwenye meli za mizigo, angerudi Krismasi, na siku hiyo ndipo lingeng'olewa liliwe na ukoo mzima. Kila jioni Bibi aliketi ukingoni akilisimulia habari za siku, kama anayeongea na mumewe.

Wiki ile kulikuwa na mazoezi ya mpira wa wavu. Rafiki yake Akoia alimchungulia kisimani akacheka.

"Unadonoa maji kama kuku. Mechi itaisha wewe bado umo humo."

Maneno yalimchoma. Mchana, mama yake alipokwenda kusuka mikeka, Rotia alichukua koleo akachimba sakafu ya kisima mpaka mguu ukazama hadi pajani. Maji yalipanda. Akajaza ndoo zote za nyumbani, akakimbilia uwanjani.

Kesho yake alijipangusa mdomo kwa mkono uliolowa maji ya kisima. Chumvi.

Alielewa papo hapo, na hilo ndilo lililomtisha. Wiki mbili nyuma Mwalimu Teem alitumbukiza yai kwenye maji matamu, likazama. Kwenye maji ya chumvi, likaelea. Kisha akamimina polepole maji matamu yenye rangi juu ya maji ya chumvi, yakatulia juu bila kuchanganyika. Kwenye mtihani Rotia aliandika kwamba, kwa ujazo uleule, maji ya chumvi ni mazito kuliko maji matamu, akapata alama zote. Hakuwahi kufikiri kwamba habari ile ilikuwa ya kisima chao: mvua iliyonywewa na mchanga wa kisiwa inaelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini, na ukichimba sana unayafikia.

Siku hiyo mama yake alifua huku akiguna.

"Rotia, haya maji umeyateka wapi? Sabuni haitoi povu."

"Sabuni za siku hizi mbovu, mama."

Mama akamlaumu mwenye duka. Jioni Bibi aliuliza kama babai limemwagiliwa. Kukataa kungezua maswali, kwa hiyo Rotia akamwaga ndoo mbili. Kesho yake mbili tena. Akafanya hivyo siku sita, na kila siku kusema ukweli kulizidi kuwa kugumu.

Siku ya saba kingo za majani zilikuwa za kahawia, kana kwamba zimebabuliwa na moto. Bibi alishika jani, akateremka shimoni, akachovya kidole kwenye tope, akakiweka ulimini.

"Nani kagusa kisima?"

Rotia alisema yote. Bibi hakumgombeza. Alichukua pindo la nguo yake, akawa anapangusa jani moja moja, kama mtu anayemfuta mgonjwa jasho. Rotia alitamani achapwe.

Kesho yake yeye na mama yake walikifukia kile kishimo cha kisimani kwa mchanga na kokoto za matumbawe. Rotia alipomweleza, Mwalimu Teem aliwaagiza wasiteke kabisa mpaka mvua irudi, naye akawa anakuja kuyaonja maji. Mvua ilirudi Novemba, kubwa, wiki tatu mfululizo. Kufika Krismasi, sabuni ilikuwa inatoa povu.

Babai halikupona. Baba yake alipofika, Rotia alimweleza pale pale ufukoni, begi likiwa bado begani. Walipoling'oa, ndani lilikuwa uji mweusi unaonuka. Bibi akalia, mara ya kwanza tangu maziko ya babu.

Mama alimketisha Rotia kando.

"Kuchimba lilikuwa kosa la siku moja, mwanangu, na kisima kimepona. Ungesema jioni ile ile, tungelinyima babai maji yale, tukaligawia hata kikombe cha maji ya tangi. Lilikufa kwa siku zako sita za kunyamaza. Ulichojifunza shuleni kitumie nyumbani, na ukikosea sema mapema, wakati bado kuna cha kuokoa."

Ukingoni mwa shimo lilisalia chipukizi moja la babai lile. Bibi alilipanda katikati.

"Litachukua miaka mingine kumi na miwili," alisema. "Mimi hili sitalila. Utawalisha wenzako, na utawaambia kwa nini lilichelewa."

Rotia akaokota bati, akashuka kisimani. Akalilaza juu ya maji, akaanza kukwangua, taratibu.