Siri Aliyopewa Chiriku

Uvumi ule niliusikia kwenye bomba la maji: mwanafunzi mmoja wa udaktari, kule anakosoma mwanangu, amejiua. Mmoja akasema vitabu vilimpindua akili, mwingine akasema mapenzi. Nilirudi nyumbani na ndoo nusu, maneno yale yakizunguka kichwani kama inzi kwenye chumba kilichofungwa.

Wiki hiyohiyo kifungua mimba wangu akaja likizo. Tulimwita Daktari tangu alipopata nafasi chuoni, ingawa hajamaliza. Akiwa nyumbani majirani hujaa sebuleni, huyu na goti, yule na kikohozi cha mtoto, naye huwaelekeza zahanati kwa upole. Safari hii alijifungia chumbani. Sahani yake ilirudi kama ilivyokwenda. Baba yake akatania kwamba daktari anajitibu kwa usingizi, nami nikajiambia ni uchovu.

Kitinda mimba wangu, wa darasa la sita, tunamwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haupoi. Jumamosi asubuhi nilifua shuka zote bila kusikia neno lake. Kimya kile kilinitisha. Nikamkuta nyuma ya pipa la maji, ameweka masikioni kipimo cha kaka yake cha kusikilizia moyo, anasikiliza moyo wake mwenyewe huku analia.

Nikamuuliza nani kampa. Akasema amekatazwa kusema.

Nikachuchumaa. "Mwanangu, siri inayokuliza si ya kubeba peke yako."

"Kaka kasema nikichukue moja kwa moja. Eti hatakihitaji tena, nanyi mtapumzika. Nimeapa, mama."

Shule yangu iliishia darasa la saba, maneno ya kitaalamu sina. Niliingia kwa kaka yake, nikakaa kitandani, nikauliza neno lenyewe kama lilivyo.

"Baba, unafikiria kujiua?"

"Ndiyo, mama."

Akaeleza kwamba amefeli mtihani, hapati usingizi, na kila tukimwita Daktari anajiona tapeli. Yule aliyekufa alikuwa rafiki yake. Chuoni hakuthubutu kuomba msaada, akihofia kuambiwa mgonjwa hawezi kutibu wagonjwa.

Sikumhubiria. Mimi na baba yake tulifuatana naye hadi zahanati, hatukumwacha peke yake hata kidogo. Muuguzi alimsikiliza, kisha akatupeleka hospitali kwa daktari wa afya ya akili. Matibabu yalichukua miezi, chuo kikampa ruhusa, baadaye akarudi masomoni. Siku mbaya bado zipo, ila sasa hupiga simu.

Chiriku alihofu kuwa amemsaliti kaka yake. Muuguzi akamwambia, "Siri ya zawadi, tunza. Siri ya mtu anayetaka kufa, mpelekee mtu mzima mbio."

Kaka yake alipodai kipimo chake, Chiriku akakataa: "Si ulisema moja kwa moja?" Tulicheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Lakini mpaka leo, nyumba ikinyamaza, naacha kazi na kwenda kuchungulia.

Basi, wanangu, epukeni haya:

Kuahidi kuficha habari ya mtu anayetaka kufa.
Kungoja kesho.
Kumwacha peke yake.
Kumcheka, au kumwita mwendawazimu.
Kusambaza uvumi wa aliyejiua.
Kumwita mtu jina kubwa linalomlemea.
Na mawazo hayo yakikujia wewe, kuyanyamazia. Mwambie mzazi, mwalimu au muuguzi, leo hii.